KUITWA NA KUONGOZA
Neno la katekista kwa siku kuu ya Yubile ya parokia yetu



Waheshimiwa Mapadri, ninyi wa nyumbani nanyi wageni wetu, Watawa wapendwa, wazee wetu, akina mama na akina baba wa mashirika, vijana na watoto, ndugu zangu wote katika Kristu.

Kamati ya Yubile ilinituma niseme neno juu ya ulizo hili: mkristu aona wapi maana ya maisha yake, naye ataongoza wenzake namna gani? Niliposikia hivi nilitaka kukataa. Mimi si padri. Nilikaa miaka sita katika seminari ndogo, nikatoka, nikaoa, nikazaa watoto, nikawa mwalimu wa dini kama mnavyonijua. Kilatini kidogo nilichofunzwa kimebaki katika nyimbo tu. Lakini nilikumbuka kwamba katekista hasemi kwa kuwa ajua yote; asema kwa kuwa ametumwa. Basi mnivumilie. Sitawachelewesha, maana harufu ya vyungu vya akina mama imekwisha kufika hata hapa mbele.

I. TUWARUDISHIE HESHIMA WALIOTUTANGULIA

Katika Maandiko Matakatifu, Yubile ni mwaka wa hamsini. Baragumu lilipigwa, mtumwa akafunguliwa, na shamba likarudishwa kwa jamaa iliyolipoteza. Yubile basi si siku ya kujisifu, ni siku ya kurudisha. Nasi leo tuanze kwa kurudisha heshima kwa wale walio na haki nayo.

Mwaka 1897 Padri Gabriel Grison, wa jamii ya Mapadri wa Moyo Mtakatifu wa Yezu, alifika hapa kwenye maporomoko ya mto, mahali palipoitwa siku zile Stanley Falls, akaanzisha misioni ya Mtakatifu Gabrieli. Mwaka 1904 nchi hii ikafanywa Prefektura ya Kitume. Mwaka 1908 ikawa Vikariati, naye Grison akawa askofu wake wa kwanza. Mwaka 1959 ikawa jimbo kuu. Hayo yameandikwa katika vitabu, na ni vizuri watoto wetu wayajue.

Lakini nawauliza: mapadri wachache wale wangewezaje kufika katika kila kijiji cha mto Lindi, cha Tshopo na cha Lomami? Padri alipita mara chache kwa mwaka, akabatiza, akaungamisha, akaenda. Nani alibaki na watu? Nani alifunza Baba Yetu chini ya mti, nani alipiga kengele jioni, nani aliketi karibu na mgonjwa asiye na sakramenti? Alikuwa katekista pamoja na bibi yake. Majina yao mengi hayakuandikwa katika kitabu chochote. Mungu aliyahifadhi.

Mmoja wao jina lake limebaki, naye si wa mbali sana: Mwenye Heri Isidori Bakanja. Alikuwa kijana Mboangi, fundi wa kujenga, aliyebatizwa mwaka 1906. Halafu akawa mtumishi wa nyumbani kwa mzungu wa kampuni. Hakuna aliyempa cheo cha katekista. Alivaa skapulari ya Bikira Maria, akasali rozari yake, akawafunza wenzake sala alizozijua. Bwana mmoja alichukizwa na jambo hilo, akamwamuru avue skapulari, Isidori akakataa. Akapigwa kiboko mwanzoni mwa mwaka 1909 hata mgongo wote ukawa kidonda, akaumwa miezi mingi, akafa tarehe 15 Agosti mwaka ule ule. Kabla ya kufa alimsamehe aliyempiga, akaahidi kumwombea. Papa Yohane Paulo wa Pili alimtangaza Mwenye Heri tarehe 24 Aprili 1994.

Mwingine ni dada yetu Anwarite Nengapeta, mzaliwa wa Wamba, mtawa wa Jamaa Takatifu ya Bafwabaka. Aliuawa Isiro tarehe 1 Desemba 1964, akimsamehe aliyemwua. Alikuwa bado hajatimiza miaka 25. Tarehe 15 Agosti 1985, mjini Kinshasa, Eklezia ilimwinua kwenye altare.

Ndugu, mnaona? Mtumishi wa jikoni na mtawa kijana. Hatusikii kwamba walitafuta ukubwa. Walijua jambo moja tu: wao ni wa nani. Mtu akikwisha kujua yeye ni wa nani, anajua pia kwa nini anaishi. Na wenzake humfuata, hata kama hakuwaita.

II. SIKU SITA NA USIKU WAKE

Sasa niseme kidogo juu ya nafsi yangu, si kwa kujionyesha, lakini kwa sababu vijana huniuliza mara nyingi: «Mwalimu, wito unakuja namna gani?»

Nilipomaliza seminari ndogo niliambiwa kwamba njia yangu si ya upadri. Waliosema hivyo walisema kwa upole, na leo najua walisema kweli. Lakini siku ile niliona kwamba mlango wa mbingu umefungwa mbele ya pua yangu. Nilirudi nyumbani na sanduku la vitabu. Majirani waliendelea kuniita «Seminarista», na jina lile lilinichoma kama pilipili katika kidonda. Vita vilikuja mwaka 1998, kazi ikakosekana, nikaanza kuendesha toleka. Nilibeba watu na mizigo toka Mangobo mpaka sokoni, nikanywa nilichopata, na siku ya Mungu nililala. Niliwaza: Mungu hanihitaji, nami simhitaji.

Mwaka 2000 ulikuwa mwaka wa Yubile Kuu duniani pote. Hapa kwetu tulipata jambo lingine. Tarehe 5 Juni, siku ya kwanza ya juma, majeshi ya Rwanda na ya Uganda yalianza kupigana ndani ya mji wetu, juu ya vichwa vyetu. Mlio wa wakati ule mnaukumbuka. Siku sita mabomu yalivuka juu ya nyumba zetu. Hapakuwa maji, hapakuwa umeme, na wafu walilala njiani bila mtu wa kuwafunika. Walikufa raia kwa mamia.

Katika barabara yetu aliishi katekista mmoja mzee. Nyumba yake ilikuwa ya matofali ya kuchoma, basi majirani walikimbilia kwake, nami pia. Tulijaa sakafuni kama samaki katika kikapu. Jioni ya kwanza mzee alisema: «Watoto wangu, tuko katika novena ya Pentekoste. Hatutaiacha.» Akatoa kitabu, akawasha taa ndogo ya petroli chini ya meza. Lakini macho yake yalikuwa yameharibika. Akanitazama, akasema: «Seminarista, njoo usome.»

Nilimjibu vibaya. Nilisema: «Baba Mwalimu, umwite mwingine. Mimi nilimaliza mambo hayo.»

Hakukasirika. Alisema tu: «Mwanangu, sikuulizi kama ulimaliza. Nakuuliza kama unaona herufi.»

Herufi niliziona. Basi nilitambaa mpaka chini ya meza, nikasoma. Nilisoma habari ya Mitume waliojifungia chumbani pamoja na Maria, Mama wa Yezu, wakingoja. Nje nyumba zilianguka. Ndani mama mmoja alimnyonyesha mtoto wake. Wengine walijibu sala kwa sauti ndogo. Mimi niliyesema kwamba Mungu hanihitaji, nilisoma siku ile, na ya pili, na ya tatu, mpaka ya sita. Siku ya nne mtoto mdogo, aliyekuwa amelia tangu asubuhi, alinivuta nguo akasema: «Yaya, soma tena, ukisoma siogopi.»

Ndugu zangu, wito wangu ni huo. Sikuona mwanga wala sikusikia sauti toka juu. Palikuwa mzee asiyeona, kitabu, taa, na watu waliohitaji mtu mwenye macho. Nilikuwa nimetafuta maana ya maisha yangu ndani ya moyo wangu mwenyewe, nisiione. Kumbe ilikuwa imeningoja chini ya meza.

Mabomu yalinyamaza tarehe 10 Juni, ndiyo mkesha wa Pentekoste. Asubuhi ya Pentekoste mzee alichukua kengele yake, tukatoka. Hatukwenda kwanza kuimba. Tulikwenda kwanza kuzika. Aliniambia: «Wewe usome sala za wafu, mimi nitashika jembe.» Nilipotaka kumnyang'anya jembe kwa heshima ya umri wake, alikataa. Alisema: «Anayeongoza asichague kazi nyepesi.» Alikwisha kutangulia kwa Mungu. Kengele ile ndiyo mnayoisikia kila jioni.

III. MTEGO WA WAGENIA

Ninyi wageni mtakaotembezwa kesho kwenye maporomoko, tazameni vizuri kazi ya ndugu zetu Wagenia. Hawategi samaki mahali maji yametulia. Wanasimamisha miti mikubwa kati ya mawe, pale maji yanapokimbia kwa ukali, halafu wanafunga juu yake vikapu vikubwa vyenye mdomo mpana. Hakuna mtu mmoja awezaye kusimamisha mti ule peke yake. Huyu ashika, yule afunga kamba, mwingine asimama majini akimwamini aliye juu yake.

Hapo nimejifunza mambo mawili juu ya kuongoza kwa imani. La kwanza: wito wa mkristu hausimami mahali pa raha, husimama pale maji yanapovuta. La pili: kiongozi si yule anayesimama juu ya jiwe akipiga makelele. Ni yule anayeshika mti pamoja na wengine, na asiyeuacha mwenzake akiwa bado majini.

Maaskofu wetu wa Kongo waliona jambo hili mapema. Tangu mwaka 1961 walichagua kwamba Eklezia ijengwe juu ya jumuiya ndogo zenye uhai, ndizo tunazoziita mashirika. Na tarehe 10 Mei 2021 Papa Fransisko, marehemu, aliweka huduma ya katekista kuwa utumishi rasmi wa walei katika Eklezia yote. Tarehe 2 Februari 2023 alikutana na vijana na makatekista mjini Kinshasa. Aliwaomba watazame mikono yao, akatoa funzo kwa kila kidole: sala, jumuiya, uaminifu, msamaha, utumishi. Kwa kidole cha uaminifu alimtaja kijana wa Goma, Floriberti Bwana Chui, mtumishi wa serikali mpakani, aliyekataa rushwa ili chakula kilichooza kisiuzwe kwa watu, naye akauawa kwa ajili hiyo mwaka 2007. Tarehe 15 Juni 2025 alitangazwa Mwenye Heri mjini Roma. Vijana, alikuwa na miaka 26. Hakuwa padri wala katekista. Meza yake ya kazi ilikuwa mimbari yake.

IV. KOSA LANGU

Nikiishia hapo mtadhani kwamba tangu siku zile za chini ya meza nimekwenda sawasawa. Sivyo. Na kwa kuwa ni Yubile, nami nina la kurudisha.

Mwaka 2023 ugomvi wa ardhi ulizuka ng'ambo ya Lubunga, kati ya ndugu zetu Wambole na ndugu zetu Walengola. Nyumba zilichomwa, watu wengi waliuawa, wengi walivuka mto na kulala mashuleni na kwenye nyumba za jamaa. Katika shirika letu tuna watu wa pande zote mbili, nao walikuwa wamesali pamoja miaka mingi.

Siku moja nilisikia sokoni habari mbaya juu ya jamaa moja ya shirika letu. Sikuipima. Jioni ile, nilipofasiri Injili, nilisema maneno makali juu ya wanaoshika rozari kwa mkono mmoja na moto kwa mkono wa pili. Sikutaja jina. Lakini macho yangu yalitaja. Baba wa jamaa ile alisimama, akamshika bibi yake mkono, wakatoka.

Baadaye nilijua kwamba habari ile ilikuwa ya uwongo. Je, nilikwenda kwao mara moja? La. Nilijiambia kwamba mwalimu akiomba radhi heshima yake itaanguka. Nikangoja juma moja, la pili, la tatu. Ni bibi yangu aliyeniamsha. Aliniambia usiku: «Baba watoto, unawafunza watoto maungamo. Wewe mwenyewe unangoja kufunzwa na nani?»

Nilikwenda. Baba hakutoka chumbani. Mama alinipa kiti kidogo, akanisikiliza kimya. Halafu alisema: «Mwalimu, ulituvua nguo mbele ya watu, sasa unataka kutuvika gizani?» Neno lile lilikuwa haki. Kwa hiyo, mbele ya shirika zima, nilisimama nikaungama kosa langu: kwamba nilisema uwongo juu ya ndugu, na kwamba nilitumia Neno la Mungu kama fimbo.

Mama alirudi. Mwanzoni hakumpa mkono wa amani mwenzake wa kabila lile lingine, wala mwenzake hakumpa. Sikuwalazimisha. Lakini shirika lilipika chakula kwa waliokimbia, na sufuria ile kubwa ina mikono miwili. Siku moja niliwaona wawili wale wameishika, huyu huku, yule kule, wakiitembeza polepole isimwagike. Hawakusema neno. Juma lililofuata walipeana mkono.

Baba hajarudi mpaka leo. Nimepita kwake mara nyingi. Mara hunijibu salamu, mara hanijibu. Nafasi yake katika benchi tunaiacha wazi kila mkutano. Nasema hayo ili mjue kwamba neno la kiongozi laweza kuvunja kwa dakika moja kitu kisichojengwa hata kwa miaka mitatu. Na nasema pia kwa sababu, kama atasikia kwamba siku ya Yubile nilirudia kosa langu mbele ya Mapadri na wageni, labda atajua kwamba sikulificha.

V. MAOMBI MATATU

Ndugu wapendwa, namaliza. Sina zawadi ya kuipa parokia, nina maombi matatu tu.

Kwa vijana: msikae mkingoja wito mkubwa ushuke toka mawinguni. Tazameni karibu nanyi nani hana macho, nani hana miguu, nani hana wa kumzika. Mkiombwa kusoma, someni. Mkiombwa kubeba, bebeni. Aliye mwaminifu kwa herufi moja, Mungu humfungulia kitabu.

Kwa wakubwa wa mashirika: msishike kengele mpaka kaburini. Kila shirika lichague mwaka huu vijana wawili, mmoja wa kiume na mmoja wa kike, wafunzwe kusoma Neno, kuongoza sala na kutembelea wagonjwa. Mzee wangu alikuwa hodari, lakini ushujaa wake mkubwa ulikuwa kusema: «Njoo usome wewe.»

Kwa Mapadri wetu, kwa heshima yote: mtusahihishe. Katekista asiyesahihishwa huwa mfalme mdogo wa kijiji. Mtufunze, mtukemee, na mtakapotukemea mtuonyeshe pia mlango wa kurudi, kama Bwana alivyomwuliza Petro mara tatu kama anampenda, kisha akampa kondoo zake.

Isidori, Anwarite na Floriberti watuombee. Maria, Mama aliyengoja pamoja na Mitume, akae nasi katika kila nyumba iliyofungwa kwa hofu au kwa kinyongo. Na Roho Mtakatifu, aliyetushukia asubuhi ile ya makaburi, ashuke tena juu ya parokia hii, ili watakaofanya Yubile nyingine baada yetu waseme: hapa palikuwa watu walioshika mti pamoja.

Jioni ya leo nitapiga kengele kama kawaida. Sherehe itakuwa imekwisha, lakini shirika letu litakutana, na nafasi katika benchi itakuwa wazi. Njooni.

Tumsifu Yezu Kristu. Milele na milele. Amina.